Barabara Juu ya Tuta

Mwezi uliopita, kwenye mazishi ya Deo, wasifu wa marehemu ulisomwa na kijana mmoja mwenye sauti ya redio. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba marehemu "tangu ujana wake alikuwa mtaalamu wa maji", nilicheka. Nilicheka kwa sauti, msibani, mimi kikongwe ambaye siku hizi naletewa kiti kila niingiapo. Watu wa mbele waligeuka. Mkwe wake alidhani nimepatwa na kwikwi ya kilio, akaniletea kikombe cha maji, na hapo ndipo nilipoharibikiwa kabisa. Ikabidi nijifunike khanga usoni mpaka wasifu ukaisha. Tangu ujana wake! Deo niliyemjua mimi ujanani hakujua maji yanatoka wapi wala yanakwenda wapi. Alijua barabara. Tena alizijua vizuri mno, na kule kuzijua vizuri ndiko nusura kutufikishe pabaya. Nilipomaliza kucheka nililia, kwa sababu wajumbe wote wa baraza letu la mwaka ule wamekwisha tangulia, na sasa hakuna mtu hata mmoja ninayeweza kumwambia "unakumbuka?" akakumbuka.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Mimi nilikuwa mwalimu wa watoto wadogo kijijini Nyamhela, upande wa magharibi wa nchi ya Wasukuma, mahali Kisumbwa kinapoanza kusikika sokoni. Masista wa Ushirombo ndio walionifundisha ualimu, nao walinifundisha pia kuuliza maswali, ingawa nadhani hilo hawakulikusudia. Mwaka huo Bwana Shauri, yule Mwingereza wa wilaya, alimwambia mtemi wetu kwamba baraza linatakiwa liwe na mwanamke. Mtemi, ambaye hakuwa na ubaya na mtu, aliuliza ni mwanamke gani anajua kuandika na hana mtoto mchanga mgongoni. Jibu likawa mimi. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika siasa, na nimewasikia wengi wakieleza jinsi walivyoitwa na historia. Mimi niliitwa kwa sababu mgongo wangu ulikuwa mtupu.

Baraza lilipokaa, wajumbe tuliotoka mbali tulilala kwa Mama Holo, mjane aliyekuwa na nyumba ndefu ya bati karibu na ukumbi. Nilipewa chumba cha nyuma, kilichonukia karanga kwa sababu magunia yake yalikuwa yamepangwa hadi dirishani, na ili nifike kitandani ilinibidi nipite ubavu ubavu. Siku ya kwanza, wakati wa chakula cha mchana, Mama Holo aliwaandalia wajumbe kwenye kibaraza cha mbele, na wanawake jikoni. Nikasimama mlangoni na kata ya maji mkononi. Mjumbe nilikuwa, na mwanamke nilikuwa, na hapakuwa na mtu aliyefikiria kwamba vitu hivyo viwili vitasikia njaa kwa wakati mmoja. Mama Holo alinitazama akasema, "Mwalimu Tereza, huko nje kuna maneno, humu ndani kuna ukoko. Chagua." Nikachagua ukoko. Baadaye niligundua kwamba kati ya ukuta wa jiko na bati kulikuwa na uwazi, na maneno ya kibarazani yalipita pale bila taabu, kwa hiyo nikawa napata vyote viwili. Mpaka leo nikisikia harufu ya nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, iliyoungwa kwa karanga, nasikia na sauti za wanaume wakibishana.

Waliobishana zaidi walikuwa wawili. Mmoja ni Deo, kijana mwembamba wa kaptula iliyopigwa pasi, aliyekuwa karani katika mgodi mdogo wa dhahabu kule juu kabla hajarudi nyumbani. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amepanda gari la moshi pale Isaka hadi Dar es Salaam, akaingia kutazama Baraza la Kutunga Sheria, na tangu arudi hakuwa mtu wa kawaida. Wa pili ni Mzee Nkwabi, mwenye sauti kubwa na meno machache, ambaye enzi zake alikuwa manju wa ngoma anayejulikana hadi Buseresere. Mzee Nkwabi alisemea kila jambo. Likija la pamba, alisimama. Likija la mbung'o, alisimama. Siku moja lilikuja la choo cha mahakama, naye akasimama akaanza na habari za babu yake.

"Baba, mjumbe anayesema juu ya kila kitu hasemi kitu," nilimsikia Deo akimwambia mchana mmoja, wakinawa. "Kule Dar es Salaam kila mkubwa ana jambo lake. Huyu fedha, huyu elimu, huyu ardhi. Amelisoma, amelishika. Ukimuuliza, anajibu. Sisi hapa kila mtu anajibu, na hakuna anayejua."

"Na mimi nakwambia, ng'wanone, mjumbe wa jambo moja ni mganga wa dawa moja," alijibu Mzee Nkwabi, ambaye kila kijana kwake alikuwa ng'wanone, yaani mwanangu. "Kila anayekuja kwake, anamkuta na ugonjwa uleule."

"Ndiyo maana wako waganga wengi."

"Mgonjwa ni mmoja."

Nilikuwa na tonge mdomoni, na nakumbuka nilikubaliana na wote wawili. Nina zaidi ya miaka themanini na bado nakubaliana nao wote wawili, jambo ambalo mwanasiasa hatakiwi kulisema.

Aliyeshinda kwanza ni Deo, na alishinda kwa nyama. Mtemi alitoa dume la kufungulia kikao, likachinjwa, na Mzee Nkwabi mwenyewe ndiye aliyesimamia ugawaji, kwa kuwa hakuna aliyejua mila hiyo kuliko yeye. Kidari kikaenda kwa wakubwa, shingo kwa waliochinja, mguu kwa wenyeji, utumbo kwa wanawake, na hapakuwa na mtu aliyenung'unika. Alasiri, ukumbini, Deo akasimama. "Wazee wangu," alisema, "leo ng'ombe mzima amegawanywa na hatukusikia ugomvi. Kwa nini? Kila mtu anajua kipande chake. Basi tugawe na mambo ya nchi vivyo hivyo. Kila mjumbe apewe kipande, akisome, akilinde. Na jambo liletwe barazani na mwenye kipande tu." Watu walikuwa wameshiba nyama, na mtu aliyeshiba hapendi kubishana. Wakapiga makofi. Mambo yakagawanywa siku ileile. Deo akachukua barabara na machimbo. Mwingine akapewa mifugo, mwingine pamba, mwingine afya na visima. Mimi nikapewa "mambo ya akina mama na usafi wa nyumba", na mjumbe wa pamba akatania kwamba utumbo umefika kwa wanawake kama kawaida. Mzee Nkwabi wakamwachia ngoma na mila.

Sitadanganya, nilifurahi. Ukipewa kipande umepewa na kiti, na mpaka siku hiyo nilikuwa nimekaa mwisho wa benchi, nusu yangu ikiwa nje. Mzee Nkwabi ndiye aliyechukia, lakini alichukia kwa namna yake. Aliamua kuitii sheria. Mwenyekiti, yaani mtemi, akimuuliza kwa mazoea, "Mzee Nkwabi, unasemaje kuhusu bei ya mbegu?" alijibu kwa upole, "Mtemi, mimi ni wa ngoma." Akiulizwa kuhusu fisi, alikuwa wa ngoma. Vikao vikawa vifupi na vyenye nidhamu, na Deo akatembea kwa furaha. Siwezi kumlaumu, maana kwa miezi ile ya mwanzo mambo mengi yalikwenda. Mjumbe wa pamba alijua pamba kweli. Deo naye alipata barabara yake: njia ya lori kutoka mgodini kushuka hadi barabara kuu, kupitia Nyamhela. Kabla ya njia hiyo, mgonjwa wetu alibebwa kwenye machela hadi misheni, na wengine walifika wameshakata roho. Baada yake, lori lilimpakia.

Sasa, Nyamhela palikuwa na lambo. Lilichimbwa na watu wenyewe kwa majembe kabla yangu, na tuta lake lilikuwa refu, limeota nyasi, na maji yalikaa nyuma yake hadi mvua nyingine. Mnaofungua bomba mnaweza msielewe. Kabla ya lambo, wasichana walikwenda kuchota mbali, wakafika shuleni jua limepanda, shingo zimekaza, wakasinzia juu ya vibao vyao. Wazazi wakaona ni upuuzi kumpeleka shule mtu wa kusinzia. Lambo ndilo lililonijazia darasa wasichana. Kwa hiyo siku moja, kiangazi kikielekea mwisho, nilipoona upande wa nje wa tuta umelowana wakati kila kitu kingine kimekauka, na juu yake kuna ufa ulioweza kumeza kiganja changu, niliogopa. Mvua kubwa ya kwanza ingelibomoa. Tena isingekuwa kukosa maji tu: chini ya lile tuta kulikuwa na nyumba.

Nikalipeleka barazani. Mtemi akauliza, lambo ni kipande cha nani? Mjumbe wa mifugo akasema lambo wanakunywa watu, kwa hiyo ni la afya. Wa afya akasema yeye alipewa visima, na lambo mtu yeyote anajua ni la ng'ombe. Mimi nikasema wanaochota ni wanawake. Mtemi akatafakari, maskini, alikuwa mtu wa haki. "Mwalimu," akasema, "kuchota ni lako. Lakini tuta si kuchota." Akamgeukia Mzee Nkwabi kama mtu anayeomba msaada. Mzee Nkwabi akatazama dari. "Mimi ni wa ngoma," akasema. Jambo likaandikwa kuwa halina mwenyewe, tukaenda kwenye kodi ya masoko.

Mchana ule sikula. Mama Holo alikuwa anapeta mtama, akanisogezea sahani yangu, nikaiacha chini. Kibarazani walikuwa wanacheka juu ya jambo fulani, na nikasikia hasira ambayo sijawahi kuisikia tena, hata nilipofiwa. Nilifikiri, wamegawa ng'ombe na kusahau kwamba akiwa hai alikuwa na damu, na damu haina kipande. Nilitaka kutoka niwaambie. Kisha nikasikia sauti ya Deo ikieleza, kwa fahari, jinsi alivyookoa kazi kubwa katika njia yake ya lori, maana palipokuwa na bonde bovu pale Nyamhela yeye alikuta ardhi iliyoinuka tayari, kavu, imeshindiliwa, akapitisha barabara juu yake. Nikainuka nikaenda kwenye ule uwazi nisikie vizuri. Ardhi iliyoinuka tayari. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeyaona magurudumu ya lori yakipita pale kila wiki, na sikuwa nimeunganisha. Barabara ilikuwa juu ya tuta la lambo. Lori la mawe lilikuwa linalipasua kidogo kidogo.

Nilichukua sahani yangu nikatoka nayo hadi kibarazani. Mjumbe wa pamba alivuta mguu wake kunipa nafasi, nadhani kwa mshangao kuliko adabu. Nikakaa kwenye mkeka, nikanawa, nikamega ugali.

"Bwana Deo," nikasema, "naomba uje Nyamhela uikague barabara yako. Kuna mahali inaharibika."

"Inaharibika?" Ungedhani nimemwambia mtoto wake anaumwa. "Wapi?"

"Njoo uone. Ni kipande chako."

Jumapili, baada ya misa, tulipanda lori la mgodi, Deo mbele na dereva, mimi nyuma na utingo na mbuzi wa mtu. Tulipofika Nyamhela, lori likasimama kabla ya tuta. Dereva akashuka, akafungua mlango upande wa Deo. "Hapa, Bwana, tunashuka wote," akasema. "Napita peke yangu."

"Kwa nini?"

"Pamelegea. Tangu mwezi jana tunafanya hivi."

Tukashuka, tukaliona lori likipita taratibu huku likiinamia upande mmoja, hadi likafika ng'ambo. Kisha Deo akatembea juu ya barabara yake. Alichuchumaa kwenye ufa akaingiza mkono. Akateremka upande wa nje, kwenye majani, na viatu vyake vilivyopigwa rangi vikazama katika tope ambalo halikutakiwa kuwapo. Akaangalia chini kwenye nyumba, moshi wa mapishi unatoka. Akapanda tena juu, akaangalia kwenye maji, wanawake wanachota, ng'ombe wanakunywa upande wao. Mmoja wa wanawake alimtambua, akatua ndoo yake, akapiga goti. "Mwangaluka, Bwana. Wabeja, asante. Barabara yako ilimfikisha mwanangu hospitali, yu hai." Deo akainama akamtwisha ndoo yake. Nadhani angetukanwa ingekuwa rahisi zaidi. Njia nzima ya kurudi alikaa nyuma nasi, miguu ya tope, akimshikilia yule mbuzi bila kujua anamshikilia.

Kikao cha Jumatatu kilifunguliwa kwa dua kama kawaida, na kabla mtemi hajataja jambo la kwanza Deo alikuwa amesimama. Nilimwonea huruma, kwa maana najua kiburi cha mtu aliyesoma kidogo kati ya wasiosoma. Nilikuwa nacho mimi pia. Alishika ukingo wa meza.

"Mtemi, nataka kusema juu ya lambo la Nyamhela."

"Lambo halina mwenyewe," akasema mjumbe wa mifugo. "Sheria yako mwenyewe, Bwana Deo."

"Ni kweli. Lambo si langu. Lakini barabara inayolivunja ni yangu." Akaeleza yote, hakuficha hata neno: jinsi alivyojua kupima mteremko na upana wa magurudumu, na jinsi ambavyo aliyaona maji kando yake lakini hakumuuliza mtu yeyote ile ardhi iliyoinuka ni ya nini. "Nilijua barabara," alisema. "Sikujua inapita juu ya nini. Naomba lori lisimamishwe leo. Naomba njia izungushwe upande wa chini, ng'ambo ya zile nyumba, na nitaipima mwenyewe. Na tuta lijengwe upya kabla ya mvua. Sina watu wa kulijenga, na mvua haiko mbali. Hapo ndipo ninapokwama."

Mtemi alimwangalia wa mifugo, akamwangalia wa afya, na safari hii kila mmoja aliangalia chini kwa aibu kidogo. Ndipo benchi la nyuma likalia. Mzee Nkwabi alikuwa anainuka, na alijinyoosha polepole, akifaidi.

"Mtemi, mimi ni wa ngoma," akasema. Watu wakaguna. Akawanyamazisha kwa kiganja. "Mimi ni wa ngoma, na vijana wa ngoma ninao. Wanangoja msimu wa mashindano, majembe yao yamelala juu ya paa hayana kazi. Mnataka tuta? Nitaweka ngoma mbili pale, moja kila upande wa lambo, waimbiane. Kundi litakalofika katikati kwanza, mtemi atoe dume." Akamgeukia Deo. "Na safari hii, ng'wanone, usinigawie mimi kipande. Unipe ng'ombe mzima."

Nimeishi kuona mabunge, nimeishi kuona vyama vikizaliwa na kuzeeka, na sijaona hoja iliyopitishwa kwa kicheko kama ile. Na sijaona kazi kama ile ya Nyamhela. Vijana walikuja wakiwa wamejifunga njuga, mistari miwili, majembe yakirushwa juu na kudakwa kwa mlio wa ngoma kabla ya kuingia ardhini yote kwa pamoja. Wanawake walibeba udongo, ng'ombe walipitishwa juu yake kuushindilia, na wazo hilo la ng'ombe lilitoka kwa mjumbe wa mifugo, aliyegundua ghafla kwamba lambo lilikuwa lake. Mama Holo alikuja na masufuria yake yote. Mzee Nkwabi aliimba mpaka sauti ikamkauka, akawatukana upande wa mashariki kwa nyimbo ambazo siwezi kuziandika hapa. Deo alikuwa upande wa chini na kamba zake, akipima njia mpya, na kila alipopigilia kigingi alimwita mtu wa karibu, hata mtoto, akamuuliza: hapa pana nini? Maji ya mvua yanapita wapi? Kaburi la nani lile? Wakamchoka.

Mvua ilikuja kwa vishindo, kama inavyokuja kwetu. Asubuhi nilikwenda lambo nikiwa na khanga kichwani, nikawakuta wasichana wangu wamefika kabla yangu, wamesimama kwenye matope wakiangalia. Maji yalikuwa yamejaa, mekundu, yamefika karibu na ukingo, na tuta lilikuwa limesimama. Upande wa nje ulikuwa umelowa mvua tu. Sikuwaambia waende darasani. Tulisimama pale wote, nikalia mbele yao, na sikuona haya.

Deo hakurudi kwenye barabara. Alijifunza maji, kwanza kwa kuuliza, baadaye kwa kusomea, na maisha yake yote alichimba malambo na visima kutoka kwetu hadi Shinyanga. Kwa hiyo kijana mwenye sauti ya redio hakuwa amekosea sana. Aliiruka tu ile sehemu nzuri. Mimi sikupata jambo moja la kulishika maisha yangu yote. Nilikaa mabarazani miaka mingi nikiwa yule anayeuliza, na wapo waliosema Mwalimu Tereza hana fani. Sheria ya vipande haikufutwa, maana vipande vina kazi yake. Tuliongeza jambo moja tu: mwenye kipande asilete hoja mpaka ameketi na wenzake wawili wa vipande vingine wakala pamoja. Tangu hapo nilikula kibarazani, na Mama Holo akawa ananiletea ukoko huko huko.

Baada ya mazishi, tulipokuwa tunanawa mikono kwenye bomba la pale nyumbani, mjukuu wa Deo alinijia. Ndiye mbunge wao sasa, kijana mwenye adabu, mwembamba kama babu yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, nimeona ukicheka kule. Sikuchukia. Babu alikuwa akikutaja sana." "Nilitaka ushauri. Bungeni wananiambia nichague eneo moja nijikite, nisiwe mtu wa kuchangia kila hoja. Nafikiria barabara. Babu angesemaje?"

Nilimshika mkono kwanza, kwa sababu ulikuwa mkono wa Deo kabisa, vidole virefu vya kushika kamba ya kupimia. Maji ya bomba yalikuwa bado yanatiririka, naye akanyoosha mkono wa pili akayafunga.

"Chagua barabara," nikamwambia. "Zisome uzijue kuliko mtu yeyote. Halafu kila siku, kabla hujasimama, uulize inapita juu ya nini."